Siku Dada Kemi Alipoiwahi Meli ya Mwanza

Wiki iliyopita nilikwenda Miembeni kununua sukari, nikasikia mpira unadunda kwenye saruji nyuma ya ukuta wa shule. Haukuwa mpira wa miguu. Huo naujua, hupigwa mara moja ukaenda zake. Huu ulidunda palepale, pu, pu, pu, kama mtu anayebisha hodi huku anajua wenyewe wamo ndani. Nilisimama na sukari yangu mkononi mpaka mwenye duka akaniuliza kama chenji haijatimia.

Nilikuwa namkumbuka dada Kemi. Wengine mnamjua, au mmelisikia jina lake: Kemilembe wa Maruku, yule mrefu, aliyecheza mpira wa kikapu chuo cha ualimu, kisha akachukuliwa Dar es Salaam na timu ya shirika moja, akawa analipwa mshahara wa karani ilhali kazi yake hasa ilikuwa kufunga vikapu. Alicheza mpaka Nairobi na Kampala. Goti lilipomkatalia akawa mwalimu wa mchezo huohuo. Kanisani kwetu akitajwa, kila mtu ana maelezo yake ya jinsi alivyofika huko. Mimi nilikomea darasa la saba, na daftari hili naliandikia jikoni, kwa hiyo kama mpangilio utapinda mnivumilie. Ila nataka kila mtu apate haki yake, na kuna mmoja hajawahi kuipata.

Wa kwanza kupewa haki ni askari. Mwaka wa vita na Uganda ndio niliozaliwa, kwa hiyo hapa nasema niliyoambiwa. Wanasema askari wetu walipiga kambi karibu na kijiji, na mmoja wao, mtu wa Tanga, alichukua pete ya chuma ya pipa la mafuta akaipigilia kwenye mkaratusi. Walipokwenda mbele vitani waliiacha pete na mpira uliokwisha manyoya, kama mama alivyopenda kuueleza, na Kemi akaanzia hapo kurusha. Yule wa Tanga hakurudi kupitia kwetu. Kama alipona, sijui.

Wa pili ni kaka Byabato, mzaliwa wa kwanza wa nyumba yetu. Alikuwa mfanyabiashara, anavuka mpaka kwenda Uganda na kurudi, na ndiye aliyemnunulia Kemi raba za kwanza. Watu walimcheka kwamba anamvalisha msichana viatu vya mwanamume. Alijibu kwamba miguu ya Kemi ndiyo iliyochagua namba, siyo yeye.

Kaka Byabato alikufa nikiwa darasa la pili. Ugonjwa ule, UKIMWI wa leo, wakati huo tuliuita Juliana, kwa jina la mashati ya magendo, maana ulionekana kuwapenda waliokuwa wakiyavaa. Hapo Kemi alikuwa mwaka wa mwisho chuoni, na chuo chao kilikuwa kimechaguliwa kwenda Mwanza kwenye mashindano ya vyuo. Mwalimu wao alikuwa amemwambia waziwazi: watu wa timu za Dar watakuja kutazama, na ukikosa mwaka huu umemaliza chuo, hakuna tena wa kukutazama. Meli ilikuwa inaondoka Bukoba siku ya tano baada ya mazishi.

Sasa lazima nieleze desturi, angalau ya ukoo wetu, sijui koo nyingine. Mtu akifa, nyumba yake hutandikwa nyasi, na wafiwa hukaa na kulala juu ya zile nyasi. Maadamu nyasi zimo ndani, jembe haligusi ardhi na hakuna mtoto wa nyumba hiyo anayeondoka. Mjane ndiye huziondoa siku ya mwisho, na mkuu wa ukoo hupiga jembe mara moja ukingoni mwa kibanja, yaani shamba la migomba la nyumba hiyo, watu wakatawanyika. Zamani siku zilikuwa nyingi sana. Vifo vilipozidi, kila wiki kengele ya kanisa, wazee waliketi wakazipunguza zikawa saba. Saba hizo baba mkubwa, Ta Kamugisha, mkuu wa ukoo wetu, alizilinda kama mlango wa zizi.

Siku ya pili Kemi alichukua mpira wake akaudunda kidogo nyuma ya nyumba. Baba mkubwa akaja na fimbo yake, akasikiliza.

"Hiyo ni kupiga ardhi," akasema.

"Siyo jembe, baba mkubwa."

"Jembe linapiga mara moja. Wewe umepiga mara arobaini."

Basi Kemi akawa anaurusha kwenye mgomba na kuudaka bila kuuacha uguse chini, asubuhi nzima, mpaka mgomba ukainama. Nisimwonee baba mkubwa. Alikuwa amezika watoto watatu wa ndugu zake mwaka ule. Nadhani siku saba zile ndizo pekee alizoweza kuziamuru zikatii.

Siku ya tatu Kemi alimwendea akapiga magoti akaomba ruhusa ya Mwanza. Akamjibu bila ukali kwamba nyasi zikitoka ataondoka, hata kama ni kwenda Mwanza, hata kama ni kwenda Ulaya. Nilikuwa mlangoni, nikasikia. Kemi alikuja akalala karibu yangu amejifunika kanga usoni, na ile kanga ilikuwa ikitikisika.

Akili yangu ya darasa la pili ikashika neno moja tu: nyasi zikitoka.

Asubuhi ya siku ya nne wanawake waliteremka kisimani. Wanaume walikuwa uani kwa mbele, wanatafuna kahawa. Nikaanza kuzikumbatia nyasi na kuzitupa nje kwa mlango wa nyuma. Zilinuka moshi na jasho na maziwa ya watoto. Vumbi lilinipaliza, lakini sikuacha. Mpaka wanawake wanarudi na ndoo kichwani, nusu yote ya mbele ilikuwa sakafu tupu, na mimi nimejificha nyuma ya mtungi.

Shangazi ndiye aliyeona kwanza. Hakupiga kelele. Alitua ndoo taratibu akaenda kumwita baba mkubwa, na jinsi alivyotua ile ndoo ndiyo iliyonitia hofu.

"Nani ameondoa nyasi?" baba mkubwa akauliza.

Wifi Atugonza, mjane wa kaka, alikuwa chumba cha ndani nyuma ya kizuizi cha matete. Alitoka, nywele zina mabua, akatazama sakafu, akatazama mtungi.

"Ni mimi, waitu," akasema kwa adabu.

"Siku ya nne, Atugonza?"

"Nimechoka kulala chini."

Shangazi akacheka kicheko kisicho na furaha. "Amechoka. Mumewe hajapoa kaburini, yeye anataka kitanda. Rudisha nyasi hizo."

Hapo baba mkubwa alichungulia nje kwenye lile rundo la nyasi. Nasema tena, alikuwa mtu wa haki. Angeweza kukubaliana na dada yake, yakaisha. Lakini akasema nyasi zilizotoka hazirudi, kuzirudisha ni kuita msiba mwingine, na msiba mwingine hautaki kuitwa siku hizi. Akaagiza zilizobaki zitolewe. Akachukua jembe, akaenda ukingoni mwa kibanja akalipiga. Hajalinyanyua, tukasikia nyuma ya nyumba pu, pu, pu.

"Yule naye angengoja nitoe jembe," akasema.

Mchana Kemi alipakiwa kwenye baiskeli ya jirani, begi mbele, miguu mirefu inaburura vumbi. Meli aliiwahi. Mwanza walifungwa fainali, nisije nikadanganya, lakini yeye aliandikwa jina na mtu wa Dar, na hayo mengine mnayajua.

Jioni ile watu walikuwa wameshatawanyika. Mama aliniambia nikalale kwa wifi asiwe peke yake. Nilidhani ni adhabu iliyokosea njia. Tulikula viazi vilivyobaki. Hakunitaja wala hakutaja nyasi, na mimi nikamshukuru moyoni kwa kuniokoa na fimbo. Kwa miaka mingi nilidhani hilo ndilo alilonifanyia.

Kijijini alipewa jina: mjane wa siku nne. Hata Kemi, na hili linaniuma kuliandika, alilishika. Alikuja likizo na zawadi kwa wote, kwa wifi alifikisha salamu tu, kwa sababu alimpenda mno kaka yake na hakusahau kwamba mkewe alichoka mapema. Ningeweza kusema. Sikusema. Kwanza niliogopa fimbo, baadaye niliogopa aibu, baadaye ilikuwa tu nimezoea. Wifi alirudi kwao Muleba, ufukweni kunakotazamana na kisiwa cha Bumbire, akawa anaanika dagaa. Ugonjwa haukumpata. Watu walisubiri, haukumpata.

Nilielewa siku nilipofiwa na mume wangu. Nilikaa chini, watu wakanipikia, wakanishika mkono, usiku wakalala pembeni yangu wakikoroma. Kisha siku zikaisha wakaenda makwao, na nyumba ikawa na sauti ya sufuria moja. Hapo ndipo nikahesabu: saba kutoa nne, tatu za wifi.

Nilipanda gari nikaenda Muleba. Wifi alikuwa anageuza dagaa juani. Nikamwambia ni mimi niliyetoa nyasi.

"Nilikuona," akasema. "Ulianzia mlangoni, upepo ukaleta vumbi lote kwangu. Nilitaka kukuambia anzia huku ndani."

"Mbona hukunizuia?"

Akageuza dagaa safu nzima kabla hajajibu. "Zile siku tatu nilizitaka, Koku. Nisikudanganye. Nilikuwa naogopa nyumba ile. Lakini nilimsikia Kemi usiku, na kwangu mimi hakukuwa na meli ya kuwahi."

Jioni hiyo nilimpigia Kemi simu nikamweleza yote, na woga wangu wote. Akaniuliza tu njia ya kufika kwa wifi. Juma lile alishuka Muleba na goti lake bovu. Wifi anasema alikaa siku tatu, anapika yeye, vyakula vingi havina chumvi, na usiku alikataa kitanda, akatandika mkeka sakafuni karibu naye.