Moshi Ndio Uliokuwa Mwaliko

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, wengi wenu mji huu umeandikwa kwenye vitambulisho vyenu na hamjapata kulala humu zaidi ya siku mbili za Idi. Siwalaumu peke yenu. Lawama nyingine ni yangu, nitaifikia. Lakini kwanza nataka mnuse. Harufu ya tende za manjano zikichemka katika sufuria kubwa la shaba haifanani na kitu mnachokijua. Ina utamu wa sukari inayotaka kuungua, ina ukali wa moshi wa makuti makavu, na chini yake kuna ubichi kama wa majani yaliyokatwa sasa hivi. Kila kiangazi harufu hiyo ilikuwa ikitanda juu ya mji wetu, ambao si mbali na Ibra, bara ya Maskati, ikaingia katika nywele, katika mito ya kulalia, hata maji ya mtungi ukiyanywa unaionja. Tende hizo zinaitwa mabsali. Hukatwa kabla hazijalainika, huchemshwa, kisha huanikwa juani mpaka zikauke zigonge kama kokoto. Watu wa mji mzima waliishi mwaka mzima kwa kazi ya wiki tatu.

Tulifika hapa nikiwa na miaka tisa, baba, mama na mimi, kutoka Pemba. Baba alikuwa akirudi kwao. Mama yangu, mzaliwa wa Wete, hajui neno la Kiarabu ila la kusalia, alikuwa akienda ugenini, na ugeni ule aliujua tangu siku tuliposhushwa mbele ya nyumba ya udongo ya babu. Nyumba za hapa ziliegemeana kama wazee wanaotoka msikitini. Ukikohoa kwako, jirani anakuuliza kesho yake kifua kinaendeleaje. Maji ya falaji, mfereji wa mji mzima, yalipita kwanza pale pa kuchotea ya kunywa, kisha msikitini, kisha penye hodhi la wanawake la kuogea, ndipo yakaenda mashambani, kila shamba kwa zamu yake. Hakuna aliyekuwa na maji yake peke yake, na kwa hiyo hakuna aliyeweza kumnunia mwenzake muda mrefu. Wanaume walikuwa na baraza lao la kahawa. Wanawake tulikuwa na hodhi, na huko ndiko mji ulikoendeshwa, msidanganywe.

Kazi ya tende haikuwa na mwaliko. Hakuna aliyepita nyumba kwa nyumba kusema kesho ni kwangu. Mwenye zamu aliwasha moto baada ya sala ya alfajiri, na moshi ukipanda, kila mwanamke aliyeuona aliacha alichokuwa akifanya akaenda. Aliyeuona asende, siku yake ikifika naye atachemsha peke yake, na tende haichemshwi na mtu peke yake. Kidole kimoja hakivunji chawa. Mmoja anachochea, wawili wanachambua tende kwenye vichala, mwingine anazichota kwa ungo, wengine wanazibeba mpaka uwanja wa kuanikia. Sisi watoto tulizitunga kwenye nyuzi zikiwa bado moto, tukavaa shingoni, tukala mkufu mpaka ikabaki kamba.

Mkubwa wa kazi hiyo alikuwa Bi Ghaniya, shangazi yake baba, mwanamke mrefu mkavu, vidole vyeusi kwa masizi. Aliwahi kuishi Unguja miaka miwili katika usichana wake, akarudi na Kiswahili cha kutukania tu. Siku ya kwanza alimtazama mama kuanzia kichwani hadi kwenye kanga, akasema, "Mgeni siku mbili. Ya tatu nitakupa jembe, bibi wa karafuu." Na kweli, siku ya tatu akampa kazi. Lakini alimpa kazi nyepesi ya kulinda uwanja wa kuanikia, awafukuze punda na ndege. Tende zilizokuwa pale zilikuwa zake Bi Ghaniya na za nyumba mbili nyingine, zimetoka sufuriani jana yake, bado zinatoa maji. Mara ikaja habari ya msiba katika kijiji cha pili, na wanawake wote wakaenda kuhani na kukaa matanga. Bi Ghaniya akamwambia mama, "Zilinde kama roho yako." Basi.

Mchana wingu likajikusanya juu ya milima. Nyinyi mnalijua wingu lile, hujikusanya kila kiangazi, likanguruma, likaenda kunyesha kwa wengine. Mama hakulijua. Kwao Pemba mvua haibishi hodi, na karafuu iliyoanikwa ikilowa imekwisha, hata ya kuuza kwa aibu haifai. Alikurupuka akazikusanya tende zote lundo moja kubwa, akazifunika majamvi, na juu ya majamvi akatandaza blanketi letu la safarini, kama wanavyofunika karafuu. Nami nilimsaidia, nikashika pembe za blanketi, nikajiona mwanamke mzima. Siku ya pili wingu likaja tena, hatukufunua. Siku ya tatu wenyewe wakarudi. Bi Ghaniya alipoinua pembe ya blanketi, mvuke ulimpiga usoni, na harufu iliyotoka ilikuwa ya siki.

Bi Ghaniya alichukua tende moja, akaiminya, ikapasuka kama jipu. "Wee mwanamke," akasema, "tende ni mtoto mchanga? Zimekwambia zinaona baridi?" Wengine wakacheka, lakini kicheko kisicho na furaha, kwa maana pale palilala mwaka wa nyumba tatu. Zilibebwa kwa makapu zikamwagwa bondeni. Hakuna aliyedai kitu. Hakuna aliyemfariji pia. Kuanzia jioni ile jina la mama likawa Bi Blanketi, na watoto wenzangu hodhini waliniuliza kama nasi hulala na tende kitandani. Mama alifua, akapika, akasali. Lakini nilimsikia akimwambia baba, "Zamu yetu ni baada ya siku nane. Moshi wangu hautamleta mtu." Baba akasema watakuja. Mama akasema, "Wewe ni wao. Mimi ndiye nitakayejua leo kama nina mji au sina." Alisema leo, na siku zilikuwa nane. Kwake zote zilikuwa moja.

Siku yenyewe tuliwasha moto baada ya alfajiri, mimi na yeye. Baba alikuwa juu ya mitende anateremsha vichala kwa kamba. Moshi ukapanda wima, hapakuwa na upepo wa kuuficha. Jua likachomoza. Maji yakaanza kuchemka sufuriani bila kitu ndani. Nikawa natazama kila mara njia ya mjini, mama akanifinya sikio. "Usitazame huko! Tazama moto." Jua likafika kwenye ukuta, likapanda ukuta. Mama akaanza kuchambua tende peke yake, haraka haraka, vidole vinatoka damu. Ndipo nikasikia sauti ya Bi Ghaniya kabla sijamwona, haitoi salamu, inalalamika. "Kuni mbichi hizi! Mnafukuza mbu au mnachemsha tende?" Nyuma yake walikuwa wanawake kumi na kitu, mikono wameshakunja. Walimtania mama kutwa nzima. Mmoja akamuuliza, Bi Ghaniya akafasiri, kama sufuria nalo lifungwe nepi. Mama akacheka mpaka akakaa chini, halafu kile kicheko kikageuka kilio, na hakuna aliyejifanya kuona. Jioni tende zilipoanikwa, Bi Ghaniya akaingia ndani ya nyumba yetu, akachukua majamvi yote na lile blanketi, akaenda nayo kwake, mama asije akazifunika tena. Tulilala sakafuni siku tisa mpaka tende zikakauka. Huo ndio msamaha wa watu wa hapa, na mama hakutaka mwingine.

Sasa nawauliza, mji ule uko wapi? Nyumba za udongo zimebaki kwa popo na kwa wageni wanaopiga picha milango wakienda Al Mintirib kuona mchanga wa jangwa. Falaji imekauka tangu kila mwenye nyumba mpya kuchimba kisima chake. Baraza la kahawa lina kiyoyozi na kufuli. Mwanangu Nassor huondoka alfajiri ya Jumapili kwenda kazini Maskati, hurudi Alhamisi usiku, na kuta za mitaa yetu ni ndefu hata sijui jirani ana watoto wangapi. Mnaniambia shikamoo vizuri, mmefundishwa, kisha macho yanarudi kwenye simu kabla sijamaliza marahaba.

Lakini nilisema lawama nyingine ni yangu. Bi Ghaniya alizeeka sana. Kiangazi chake cha mwisho aliwasha moto, nami niliuona moshi, upo, umesimama wima juu ya mitende yake. Nilikuwa na wageni kutoka Maskati. Nikasema jua kali, nitakwenda alasiri. Alasiri nilipokwenda moto ulikuwa umezimika, naye amekaa kando ya sufuria lenye maji ya baridi, vichala havijaguswa. Ulimi ule wote, hakupata tusi la kunipa. Baada ya hapo hakuna aliyewasha tena mjini hapa, na sisi tulioacha kwenda ndio tuliowafundisha nyinyi kutokuja.

Mwaka huu, kiangazi, nilisema nitajaribu. Nassor alinichukulia likizo ya siku mbili, akalitoa sufuria la mama, tukawasha baada ya alfajiri. Moshi ukapanda. Mjukuu wangu Rayya akaupiga picha. Nikakaa na ungo mapajani, nimevaa kanga ya kazi, nasikiliza. Jua likachomoza, likapanda. Kisha simu ya Zuwena, mke wa Nassor, ikalia, na ikalia tena. Nikamuuliza nani. Akaigeuza simu kifudifudi. Nikamwambia soma. Ni kundi la majirani, akasema, mtu ameandika: "Nani anachoma taka asubuhi yote hii?" Wa pili ameandika ana nguo kambani. Wa tatu ameuliza kama aite gari la zimamoto. Nikamuuliza aliyeanza ni nani. Ni mjukuu wa Bi Ghaniya.

Nilimaliza sufuria lile moja, kazi iliyoanzwa haiachwi njiani. Kisha nikawaita wote watatu uani, nikamwambia Nassor aandike ili asije akasema hakusikia: mwakani mabsali zikigeuka manjano, mtu asiwashe moto. Zikateni zote, wapeni mbuzi.