Mjane wa Nahodha Mwenye Mume

Mji wa bandari haukosi waongo, lakini mwongo mwenye beji shingoni na mwavuli wa njano mkononi alikuwa mmoja tu. Watu walimwita Dakika. Jina alilopewa na wazazi wake hata mkewe alilikumbuka siku za kujaza fomu tu. Kazi yake ilikuwa kuwatembeza wageni wa meli ya watalii, iliyofunga gati kila Jumanne saa mbili asubuhi na kuondoka saa nane mchana. Kwa miaka kumi na tisa hakuwahi kumchelewesha mgeni hata mmoja. Kila kona alitazama saa na kutangaza zimebaki dakika ngapi, na jina likamganda.

Sasa, mtembeza wageni ana shida ambayo daktari hana: ana mji mdogo na saa sita za kuujaza. Mji wenyewe ulikuwa na mizinga miwili iliyoliwa na kutu, soko la samaki, na mnara wa taa uliofungwa kwa matengenezo tangu waliotoa amri ya kuufunga walipokuwa bado hai. Ukivizunguka vyote polepole, ukanunua na maji njiani, ni saa tatu. Zilizobaki Dakika alizijaza kwa chumvi. Kanuni yake ilikuwa hii: uongo usizidi urefu wa ziara. Mgeni anayeondoka saa nane hana muda wa kuukagua msingi; mpe kuta na rangi, inatosha.

Chumvi yake bora kuliko zote ilikuwa kituo cha saba, nyumba ya mawe yenye baraza jeupe, ambapo mwanamke mmoja mzee alikaa wima kitini akiwa na gauni la bluu lililopigwa pasi.

"Yule," Dakika alinong'ona, akiwa amewasimamisha wageni ng'ambo ya barabara, "ni mjane wa nahodha. Mumewe alitoka na meli akasema atarudi kabla ya chakula cha mchana. Huu ni mwaka wa arobaini. Kila meli ikija, huvaa gauni lile na kungoja. Tafadhali tusivuke, tutamtonesha kidonda. Tuvue kofia, tuinamishe vichwa, twende zetu."

Wageni walivua kofia. Wengine walipenga kamasi.

Yule mwanamke alikuwa mama mkwe wake. Mumewe alikuwa chumba cha nyuma, hatua nane kutoka barazani, akishona sare za shule kwa cherehani ya miguu, mzima wa afya. Baharini hakuwahi kuingia zaidi ya magoti.

Usidhani mama mkwe alishirikishwa. Hakujua lolote. Alikuwa opereta wa simu wa bandari kwa miaka thelathini, mwanamke aliyewaambia manahodha wangoje kwenye laini, nao wakangoja. Lugha ya wageni aliisema vizuri kuliko mkwewe. Halafu mitambo mipya ikaja, akastaafishwa, na tangu siku hiyo hakuna mtu wa ofisi ya bandari aliyemjulia hali. Kwa hiyo wageni walipoanza kusimama ng'ambo na kumvulia kofia, Jumanne ya kwanza alishangaa. Ya pili alivaa gauni la bluu.

"Wageni wana adabu," alimwambia binti yake mezani. "Wanamtambua mtu aliyefanya kazi."

Dakika alikuwa akila meza hiyo hiyo. Alitaka kusema. Akanywa maji badala yake, na miaka sita ikapita hivyo.

Ndipo kikaja kimbunga. Redio ilikuwa imesema kitapita mbali, lakini kimbunga hakisikilizi redio. Saa tano ya Jumanne hiyo upepo uligeuka, na kabla ya saa sita bandari nzima ilijua kuwa kinakuja moja kwa moja. Meli kubwa hainusuriki ikiwa imefungwa gatini. Hugongeshwa ukutani mpaka ipasuke. Nahodha akapiga honi tatu: kila abiria arudi, anakimbilia bahari kuu.

Honi zilimkuta Dakika kituo cha saba akiwa na wageni kumi na mmoja. Kituo kingine chochote angewafikisha gatini na dakika za akiba. Lakini miongoni mwao alikuwemo mwalimu mstaafu, mama mnene mwenye daftari, aliyewahi kuja miaka miwili iliyopita na kuwasimulia wanafunzi wake habari za mjane. Kumwona bado anangoja kulimshinda. Alikaa ukingoni mwa barabara akalia kwa kwikwi, na Dakika hakujua mtu anamharakishaje mwenzake kwenye machozi aliyomsababishia mwenyewe. Walipofika gatini, kati yao na meli palikuwa na maji mengi. Dakika alitazama saa mara nne, kana kwamba ingempa jibu lingine.

"Shule imejaa," mkuu wa gati alimwambia akiwa ameshikilia kofia yake kwa mikono miwili. "Hoteli ni mabati matupu. Nani ana nyumba ya mawe?"

Simu ya mezani ikalia ofisini. Mkuu wa gati aliipokea, akasimama wima bila kujijua, akasema "ndiyo, mama" mara tatu, akaiweka chini.

"Mama mkwe wako anasema amesikia kuna wageni wameachwa. Anasema wapelekwe kwake. Anasema hao ni watu anaofahamiana nao."

Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema. Ya Dakika ilikuwa mita mia nne, kutoka gatini hadi barazani, na aliitembea akitunga. Aliwaambia wageni kwamba mjane aliweka nadhiri ya kutosema na mtu mpaka nahodha arudi, kwa hiyo wasimsemeshe kabisa.

Mlango ukafunguliwa. "Karibuni sana," mama mkwe alisema kwa lugha yao, kwa sauti iliyofika kona ya barabara. "Futeni miguu. Choo ni mlango wa kushoto, maji ya kunywa yako kwenye mtungi, na asiyejisikia vizuri aseme sasa, si baadaye."

Wageni walimtazama Dakika. Dakika alitazama mwavuli wake, ambao upepo ulikuwa umeshaubakiza vijiti.

Walikaa kwenye ukumbi mwembamba wa katikati, usio na dirisha, migongo ukutani, miguu ikipishana. Mgeni mmoja alikuwa amejipatia jaketi la kuokolea bandarini na hakulivua hata alipokaa. Nje kimbunga kilianza kung'oa mabati ya jirani, moja moja. Dakika alikuwa amemsihi baba mkwe abaki chumba cha nyuma, lakini maji yalipoanza kupenya dirishani mzee alitoka na futi ya kupimia shingoni, amekumbatia sare ishirini zisilowe. Akamwambia mkewe asogee, akaketi karibu naye, akaweka mkono juu ya goti lake.

Mwalimu alimwinamia Dakika. "Nani huyu?"

"Fundi," Dakika alisema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakusema uongo.

"Mbona ameshika goti la mjane?"

Hapo upepo ulinyamaza kidogo, kwa makusudi nadhani, na swali likasikika ukumbi mzima.

"Mjane gani?" mama mkwe aliuliza.

Mwalimu, ambaye moyo wake ulikuwa mzuri na ulimi wake mwepesi, alifungua daftari akamsomea yote: nahodha, chakula cha mchana, miaka arobaini, gauni la bluu, kidonda. Alisoma mpaka alipofika kwenye kofia, akainua macho, akaona uso wa mwenyeji wake, akalifunga daftari taratibu.

"Wanasema nini?" fundi aliuliza, maana lugha ile hakuijua. Ikabidi Dakika amfafanulie.

"Kwa hiyo mimi nimekufa?"

"Umepotea tu, baba. Sikusema umekufa."

"Afadhali," mzee alisema, na mabega yakaanza kumtikisika kwa kicheko.

Mama mkwe hakucheka. Alimgeukia Dakika. "Kwa hiyo zile kofia," alisema, na ile sauti yake ya opereta haikuwepo, "miaka yote ile, zilikuwa za nahodha."

"Ndiyo, mama."

Maneno hayo yalimuuma Dakika kuliko kibao. Mama mkwe aliinuka, akaenda jikoni na kuwachemshia chai watu kumi na mmoja waliokuja kumlilia mume asiyekuwa naye. Mlango wa jikoni ulipotaka kung'oka, aliuzuia kwa mgongo na kuwaita wanaume wanne kwa vidole, huyu, huyu, wewe na wewe mwenye jaketi, wakasogeza kabati. Aliyetetemeka alifunikwa blanketi. Fundi alimshonea mmoja suruali iliyochanika, kwa mkono, akiwa amekaa sakafuni. Usiku ulipita, na asubuhi nyumba ilikuwepo. Baraza halikuwepo, wala kile kiti.

Meli ilirudi kuwachukua siku ya tatu kwa mashua ndogo, kwani gati lilikuwa limevunjika vipande viwili. Baada ya hapo haikuja meli miezi mitano. Wauza kofia waliuza viazi. Madereva wa teksi walipakia mawe. Dakika alisomba kifusi mchana, na jioni alijenga upya baraza la mama mkwe. Alilijenga vibaya, akabomoa, akajenga tena. Mama mkwe alizungumza naye kupitia kwa binti yake, wote watatu wakiwa chumba kimoja.

"Mwambie mumeo nguzo ya kulia imepinda."

"Mama anasema nguzo ya kulia imepinda."

"Mwambie mama nimeiona."

Gauni la bluu lilibaki kabatini.

Mwezi wa nne baada ya kimbunga ilifika barua ya mwalimu. Ndani yake mlikuwa na picha moja: mama mkwe ameegemeza mgongo kwenye mlango wa jikoni, birika mkononi, anatoa amri. Nyuma ya picha paliandikwa: "Niliwasimulia wanafunzi habari za nahodha mara moja. Habari za opereta wamezitaka mara tatu." Mama mkwe aliisoma, akaiweka kwenye bahasha, akaitoa, akaisoma tena. Fundi pekee ndiye aliyeona alama za misumari ukutani, pale alipoitundika picha na kuitoa.

Jumanne ya kwanza meli iliporudi, Dakika alikuwa amekifuta kituo cha saba. Aliwapitisha wageni mtaa wa juu, lakini mtaa wa juu ulikuwa bado umezibwa na mti, ikabidi wateremke. Na pale barazani, kwenye kiti kipya, alikaa mama mkwe na gauni la bluu. Ubavuni kwake alikaa fundi na kofia nyeupe ya nahodha, iliyoshonwa kwa kitambaa cha mashati ya shule.

Dakika alitaka kupita kimya. "Vukeni barabara," mama mkwe aliita.

Wakavuka. Dakika alikuwa na dakika arobaini mkononi na hakuwa na hadithi. "Huyu ni mama mkwe wangu," alisema. "Alikuwa opereta wa simu wa bandari hii miaka thelathini. Kimbunga kilipokuja, niliwachelewesha watu kumi na mmoja wakaachwa na meli. Yeye aliwapokea. Mlango ule aliuzuia kwa mgongo wake."

Hakuwaambia wavue kofia. Mmoja alivua, kisha mwingine, kisha wote. Mama mkwe alizitazama moja moja mpaka ya mwisho.

"Na mimi?" fundi alinong'ona. "Amenitaja?"

Mama mkwe alipangusa macho, akamgeukia mkwewe, akamsemesha mwenyewe, ana kwa ana, kwa mara ya kwanza tangu kimbunga.

"Waambie na nahodha alirudi," alisema. "Hiyo kofia ameishona siku mbili."