Mama Mkwe Aliyeuliza Mifuko ya Hewa Iko Wapi

Mwanangu, kuna siku moja ambayo kila nikiikumbuka nacheka peke yangu, hata nikiwa jikoni napepeta mchele. Ni siku ambayo mama mkwe wangu aligoma kupanda gari letu. Nimesikia umenunua gari lako la kwanza. Hongera nimekwisha kukupa, sasa pokea na neno.

Tulikuwa tunakaa hapa hapa Mjimwema, mimi na Gaspari mume wangu, na Leokadia unayemwita dada alikuwa bado ananyonya. Gaspari alipata gari dogo la mtumba kutoka Japani, jeupe, linang'aa. Mimi nikalipamba kama sebule. Juu ya dashibodi, mbele ya kiti cha abiria, nikatandika kitambaa cha njano nilichofuma kwa mkono wangu, katikati yake nikabandika kwa gundi chombo cha udongo chenye maua ya plastiki. Viti vyote fundi cherehani akavishonea kava zilizobana vizuri. Lilipendeza, sitakudanganya. Ujana una raha zake, wala siuonei haya.

Jumamosi moja tulikuwa tunakwenda Namtumbo, kuwaonyesha mtoto ndugu za mama mkwe. Yeye mwenyewe aliishi Mshangano, akilima mahindi na maharage, mtu wa maneno machache ambayo hayakuanguka chini. Tulimpitia asubuhi. Nilikuwa nimekaa mbele, nimempakata mtoto. Nikashuka, nikapiga goti kidogo.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, Mama Leokadia. Mmelala salama?"

Nikampisha kiti cha mbele, maana mkubwa haketi nyuma. Akashika mlango, akachungulia ndani, akasita. Gaspari akadhani anaogopa mwendo.

"Usiwe na wasiwasi, Mama," akasema. "Gari hili lina mifuko ya hewa, zile eabegi. Tukigonga kitu, inatoka yenyewe inatukinga."

"Iko wapi?"

"Imo humo ndani."

"Humo wapi?"

Gaspari akanitazama mimi, nami nikamtazama mtoto. Hatukujua.

"Gaspari," mama mkwe akasema bila kupandisha sauti, "mgeni akija kwangu ana kiu, akauliza maji yako wapi, nikamjibu yamo humo ndani, atakunywa?"

"Hapana, Mama."

"Basi nionyeshe. Mimi nasubiri." Akarudi kuketi kwenye kigoda chake mlangoni, akafungua karanga zake, akaanza kutafuna taratibu.

Mwanangu, tulilipekua gari lile kama watu waliopoteza sindano. Katikati ya usukani, pale pa kupigia honi, tukaona herufi SRS AIRBAG zimechorwa kwenye plastiki, yaani eabegi kwa Kiingereza. Huo ni wa dereva. Kisha Gaspari akainua ncha ya kitambaa changu upande wa abiria, na chini yake kulikuwa na herufi zile zile. Chombo changu cha maua kilikuwa kimebandikwa juu ya kifuniko cha mfuko wenyewe. Tukaenda kumwambia tumemaliza.

"Na tukigongwa ubavuni?" akauliza.

Ikabidi twende gereji ya mtaa wa pili, yeye akitufuata kwa miguu, kwa Fundi Saidi, aliyefahamiana na Gaspari. Fundi akavuta kava ya kiti cha mbele, akatuonyesha ubavu wa egemeo, upande wa mlangoni. Palikuwa na lebo ndogo ya kitambaa, imefunikwa kabisa na ushonaji wetu. "Huu ni wa ubavuni," akasema. "Magari mengine yanao hata juu ya milango, kwenye dari, unashuka kama pazia kukinga kichwa. Mengine yanao chini ya usukani, kwa ajili ya magoti. Lako halina hiyo." Akawasha swichi. Taa ndogo nyekundu yenye picha ya mtu na mpira ikawaka kwenye dashibodi, halafu ikazima. Akatuambia hiyo ndiyo dalili kwamba mifuko ni mizima. Taa ikibaki inawaka, au isiwake kabisa, kuna kasoro.

Kisha akagusa chombo changu. "Dada, mfuko huu hauvimbi polepole kama chapati. Unatoka kama ngumi. Kilichokaa juu yake kinakwenda usoni kwa abiria. Na mtoto akipakatwa hapa mbele, ngumi inampata yeye."

Nilikuwa nimetoka nyumbani na mtoto wangu kwenye kiti kile kile.

Nilingoja mama mkwe anigombeze mbele ya fundi. Hakunigombeza. Alinishika bega akasema, "Mapambo si dhambi, mwanangu. Ila usipambe mlango mpaka ukashindwa kufunguka." Maneno hayo nimeishi nayo, wala si kwenye gari tu.

Chombo kiling'olewa, kitambaa kikakunjwa, kava za mbele zikavuliwa. Mimi na mtoto tukahamia nyuma, nikajifunga mkanda, mtoto nikamshika mikononi nje ya mkanda, kwa kuwa viti vya watoto hatukuwa tumevijua bado. Mama mkwe akaketi mbele, kiti kikasogezwa nyuma kidogo, akafungwa mkanda huku akilalamika kwamba unamkunja kitenge.

Tulikuwa tumekwisha kuuacha mji nyuma, tunateremka mteremko, ng'ombe wawili walipochomoka kwenye shamba la mahindi. Gaspari alikanyaga breki, akakwepa, gari likaingia mtaroni na kugonga ukingo wa udongo. Ukasikika mlio kama wa bunduki. Ndani kukajaa vumbi jeupe na harufu ya fataki. Mtoto akaanza kulia, nami nikashukuru kilio kile kuliko wimbo wowote.

"Mama," nikaita. Nikaita tena.

Mkono wake ukausukuma pembeni mfuko uliokwisha kunywea. "Gaspari," akasema, "huyu ndiye aliyekuwa amekaa mbele yangu?"

"Ndiye, Mama."

"Basi tumeonana." Akakohoa, akajifuta uso. "Na yule wa ubavuni?"

"Hajatoka, Mama. Hatukugongwa ubavuni."

"Vizuri. Kila mmoja na zamu yake."

Tulicheka, mwanangu, tumekaa mtaroni, machozi yakitutoka, sijui ya kicheko au ya woga. Yeye shavu lilimvimba kidogo, Gaspari alichubuka kifundo cha mkono, basi. Wanakijiji wakatusaidia kutoka, ndugu wakaja kutuchukua, na jioni ile tulikula kuku Namtumbo, mtoto akipita mkono kwa mkono. Waliosema mgeni njoo mwenyeji apone walimwona mama mkwe wangu.

Sasa nasaha yangu ni hii. Usilisifu gari lako kwa kitu usichojua kilipo. Kabla hujampakia mtu, lizunguke polepole: tazama usukani, dashibodi ya abiria, ubavu wa viti, dari juu ya milango na chini ya usukani, utafute zile herufi. Ukizipata, paache pawe wazi. Usibandike wala usitundike kitu hapo, na kava zisizoachwa nafasi ubavuni usizikubali hata zikiwa nzuri namna gani. Abiria asipandishe miguu kwenye dashibodi. Funga mkanda kila safari, maana mfuko bila mkanda ni nusu ya kinga. Mtoto akae nyuma, kwenye kiti chake, siku hizi vinapatikana. Na mzee akikuuliza swali linaloonekana la kijinga, usimjibu haraka. Tahadhari kabla ya hatari, na swali ni mama wa tahadhari.

Nenda sasa, mwanangu. Mungu atangulie mbele ya magurudumu yako, akurudishe kila jioni kwa wanaokungoja, na mifuko yako yote izeeke ndani ya gari hilo bila kuitwa kazini hata mara moja. Amina.