Ingia Kwanza Uketi

Bomba limepasuka, ukuta wa ghala umelowa, na ile harufu ya udongo na asali ya tende imenirudisha utotoni: nimeshika kanga ya bibi mlangoni hapa hapa, na tingatinga linanguruma shambani. Ami, mtoto wa bibi, alitaka kulibomoa ghala ajenge villa.

"Mama, banda tu la udongo hili!"

"Banda kwako wewe. Mie nna ghala."

Bibi akamwita dereva wa tingatinga kwa Kiarabu: "Ingia kwanza uketi." Kwa jua lile la Bawshar, nani angekataa? Kuta zilikuwa nene kuliko urefu wa mkono wangu, na matundu ya juu yalivuta upepo. Sakafuni mlipita vijitaro vya kuchuruzisha asali kutoka kwenye magunia ya tende mpaka mtungini. Dereva akala tende, akaegemea tofali baridi, akalala fofofo. Ami akabaki nje anapiga kelele. Bibi akauokota ufunguo wa tingatinga uliomponyoka dereva, akaufunga pindoni mwa kanga, akanikazia jicho ninyamaze.

Leo fundi aliyekuja kutazama ukuta ananiuliza lini tubomoe, tujenge kwa bloku. Jasho linamtiririka. Nimemfungulia mlango.

"Ingia kwanza uketi."