Polenta ya Mawese

Mteja wangu mmoja, dada wa Kitanzania anayefanya kazi katika ofisi ya meli kule bandarini, alikaa kwenye kiti changu cha saluni asubuhi moja akaniambia kwamba kazini wanampeleka Italia kwa mafunzo ya wiki mbili. Mji wenyewe unaitwa Bergamo. Alikuwa akipekua simu, akitafuta vyakula vya wenyeji vya kuonja akifika, na kila ukurasa ulikuwa na lake. Nilikuwa nimeshasuka nusu ya kichwa, miguu ikiniuma, na sikuwa na hamu ya maongezi. Lakini kusikia tu Bergamo, mdomo ulifunguka wenyewe. Nikamtajia vyakula vya mji ule kimoja baada ya kingine, na jinsi ya kuvila, bila kusimamisha vidole. Akageuka kunitazama.

"Kumbe umewahi kuishi huko, dada?"

Sijawahi. Karatasi yangu ya ukimbizi haijanifikisha hata Maputo. Bergamo nilifundishwa na bibi yangu, ghorofa ya tisa, South Beach, hapa Durban.

Wewe uliyekulia chumba kimoja na watu saba utanielewa. Tulikuwa tumegawanywa na pazia, wakubwa huku, watoto kule. Dirisha letu lilitazama ukuta wa jengo jingine, bahari hatukuiona, ila chumvi yake ilitufikia hivyo hivyo ikala bawaba zote. Lifti ilifanya kazi siku ilipojisikia. Tulipanda ngazi na mifuko ya unga kichwani, na hadi leo nikiona ngazi ndefu magoti hulalamika kabla sijakanyaga. Jiko tulishirikiana na jirani, mama mmoja wa Tanga, ambaye wali wake wa nazi ulitutesa kwa harufu tangu asubuhi ya Jumapili.

Jumapili ndiyo ilikuwa siku ya Bergamo. Bibi, tuliyemwita Koko kama wanavyoita Wakongo wengi, alikuwa amepika miaka kumi na tisa kwenye misheni kule Uvira, akimpikia padri mzee wa Kiitaliano aliyezaliwa katika mji huo. Padri, au mompere kama alivyosema yeye, alikuwa mtu wa kukumbuka kwao. Kila jioni alikaa jikoni akimsimulia bibi alivyokuwa akipika mama yake, na bibi akasikiliza, akajaribu, akasikiliza tena. Tulipokimbia, aliacha vyombo vyote isipokuwa ubao mmoja wa mti aliochongewa na seremala wa misheni. Ubao huo ulifika Durban.

Tukitoka misa, kazi yangu ilikuwa kuchekecha unga mweupe wa mahindi hadi ulainike. Bibi aliumwaga kwenye maji ya moto kidogo kidogo, akakoroga upande mmoja tu, hakurudisha mwiko nyuma hata mara moja, karibu saa nzima. Mwisho alitia mawese. Mafuta yale mekundu yaliyeyuka, ugali ukageuka manjano, moshi wake mtamu ukatuingia hadi kwenye nguo za kanisani. Alikuwa na sababu. Mompere alimwambia kwamba polenta ya kwao ni ya manjano, na Uvira unga ulikuwa mweupe. Bibi akaamini ni mafuta ndiyo yanayoipa rangi ile, akapata dawa. Aliumwaga ule ugali juu ya ubao, ukatanda, na mimi nikashika ncha moja ya uzi wa kushonea, yeye nyingine, tukaupitisha chini na kuukata vipande. Kisu kilikuwa marufuku.

"Mama, ugali wako leo tena una homa ya manjano," alisema jirani wa Tanga akichungulia.

"Cheka tu. Hii ni chakula ya Ulaya," bibi alimjibu. "Weye uko nakulaka muchele kila siku kama ndege."

Halafu, tukiwa tunakula kwa vidole, alianza somo lake. Mukifika Bergamo, musikimbilie nyama. Muanze na casoncelli, vibahasha vya unga vilivyojazwa nyama ya kusaga na zabibu kavu, juu yake siagi na majani yenye harufu. Kisha polenta, ile yenye jibini ndani, inayovutika hadi mkono uchoke. Mwisho muombe keki ya manjano iliyofinyangwa kama kilima cha polenta, na vindege vya chokoleti vimekaa juu. Sisi watoto tulikariri yote. Tulibishana nani atakula kindege cha kwanza, sisi ambao hatujawahi kuliona hata duka la keki kwa ndani.

Kitu kimoja hakukiweka kwenye somo, na alikisema baadaye tu, akisugua ubao. Mara ya kwanza alipompelekea mompere ule ugali wa mawese, padri alionja, akaweka kijiko chini, akamtazama. Bibi akamuuliza kama unafanana na wa mama yake. Padri hakujibu. Akachukua kijiko, akamaliza sahani. Bibi aliendelea kumuuliza kwa miaka, na kila mara ilikuwa vile vile. Mwishowe padri aliugua, akarudishwa kwao, akafia huko.

"Akakufa bila kunijibu," alisema bibi. "Mumoja wenu ataenda kule, atakula, atakuya kunijibu. Ile yangu ilikuwa sawa ao hapana?"

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi tuliyopewa. Tulikua nayo. Na tulikua vizuri tu, tukatawanyika kwenye saluni na maduka ya simu, tukapanga foleni za karatasi mwaka baada ya mwaka, na hakuna hata mmoja aliyefika Bergamo. Bibi alihamia kwa shangazi, Cato Manor. Aliacha kupika. Lakini kila nikimtembelea alinitazama usoni kwanza, na nilijua anatafuta nini.

Kwa hiyo nilimpa mteja wangu orodha yote, pamoja na habari za mawese na uzi, nikamwomba aile polenta kwa makini kwa niaba ya mtu. Jumapili iliyofuata nikamwambia bibi. Tangu siku hiyo shangazi hakupumzika. Kila asubuhi bibi aliuliza kama yule dada amerudi.

Alirudi, na alianza kunipigia kelele akiwa bado mlangoni.

"Dada, umenitia aibu! Nimekaa hotelini na wazungu, nimeletewa polenta, nikamwambia mhudumu mbona hamjatia mawese? Hakunielewa. Nikamwonyesha picha ya mawese kwenye simu. Kaenda kumwita mpishi, mpishi kaja na kofia yake, wakacheka mpaka meza ya jirani ikacheka! Eish! Manjano ile ni ya mahindi yenyewe. Hawatii kitu."

Uzi, alisema, ulikuwa kweli. Mpishi alisema hata bibi yake yeye alikata polenta hivyo hivyo. Na keki ya vindege aliila, akaniletea picha. Kisha akatoa kwenye mkoba pakiti ya unga wa kule, akasema ni zawadi ya huyo mtu wangu. Niliifungua pale pale, nikanusa, nikakaa chini.

Ule unga niliufahamu. Kabla ya Durban tulipita kambini, Kigoma, na kila mgao tulipewa unga wa mahindi ya manjano. Bibi aliuchukia. Aliuita chakula cha watu waliopoteza kwao, akaubadilisha wote kwa mihogo ya wenyeji. Hata Durban, ulipouzwa kwenye rafu ya chini bei rahisi, alisema unga wa kambi hauingii nyumbani kwake. Polenta ya mompere ilipita mikononi mwake gunia baada ya gunia, naye akaibadilisha kwa mihogo.

Nilitamani kumdanganya. Njia nzima ya Cato Manor nilitunga uongo, na nilipofika, nilikuwa nimechoka mno kuutumia. Nikamwekea pakiti mapajani. Alitia vidole ndani, akausugua.

"Hii ni unga ya kambi."

"Ndiyo, Koko. Ndiyo hiyo. Hawatii mawese. Yako haikuwa sawa."

Alijipangusa unga vidoleni. "Kumbe mompere alikuwa nakulaka juu ya huruma tu," alisema. "Miaka kumi na tisa."

Niliingia jikoni nikapika ule unga. Sikuwa na ubao. Ulipotea tulipohama, kama alivyopotea jirani wa Tanga, ambaye alirudi kwao na namba yake haipatikani tena, na kama kile chumba chetu, ambacho siku hizi kimepakwa rangi na kukodishwa kwa watalii. Nilikoroga kama nilivyomwona akikoroga, ila mkono wangu ulikwisha nguvu mapema, nikarudisha mwiko nyuma, madonge yakajitunga. Nikapakua hivyo hivyo.

Bibi alionja. Akaweka kijiko chini, akanitazama.

"Ni nzuri, Koko?" nikamuuliza.

Hakujibu. Akachukua kijiko, akala polepole, akamaliza sahani yote, akanirudishia ikiwa safi. Niliipeleka jikoni nikasimama pale kwenye sinki. Nikakwangua kilichobaki kwenye sufuria nikaonja. Nilikuwa nimesahau chumvi.