Wa Kuchinjwa Ruksa, wa Mahari Hapana

Neno karantini silipendi, na kulifundisha nimelifundisha. Mimi ni mwalimu wa Kiingereza katika sekondari moja ya kata huku Serengeti. Kila nikifika kwenye maneno ya kuzuia, kufunga na kukataza, wanafunzi wangu wananitangulia. Watoto wa wafugaji hawangoji mwalimu awafafanulie karantini, jamani. Wamezaliwa wameikuta. Wanajua likishatamkwa kwenye mkutano wa kijiji, mnada unafungwa, ng'ombe hatoki kata hii kwenda kata ile, na baba zao wanakuwa wakali kwa sababu hawana cha kuuza.

Nina kamusi nene ya Kiingereza ambayo jalada lake limebaki kwa huruma ya gundi. Inasema neno hili lilitokana na arobaini ya Waitaliano. Meli ikitoka kwenye nchi yenye tauni ilisimamishwa nje ya bandari siku arobaini, ili mwenye kufa afe, mzima ashuke. Mwanzoni ilikuwa siku thelathini, wakaona hazitoshi. Kwa nini arobaini? Wengine wanasema ni Biblia: mvua ya Nuhu, mfungo wa Yesu jangwani. Hilo halinishangazi, maana hata Kiswahili kina arobaini zake. Kuna mzazi anayesubiri arobaini ndipo atoke na mtoto, na kuna mwizi ambaye siku zake ni hizo hizo.

Ila kamusi hiyo ina maana nyingine iliyokaa juu ya hiyo ya meli. Zamani kule Uingereza mume akifa, mjane alikuwa na haki ya kukaa siku arobaini katika nyumba ya marehemu huku akitafutiwa fungu lake. Hiyo nayo iliitwa karantini. Yaani kabla Waingereza hawajalipeleka neno hili kwenye meli, walikuwa wamelitumia kwa mwanamke aliyekaa ndani akingoja watu waamue aende wapi na nini mkononi. Niliposoma hayo mara ya kwanza, nilicheka. Sasa sicheki tena, na sababu ni yaliyompata mdogo wangu.

Mdogo wangu ameolewa Ringwani, huku huku Serengeti. Vuli ilipoanza alikuja nyumbani kwetu Nyamwaga, wilaya ya Tarime, kujifungua, awe karibu na mama yetu. Alimwacha binti yake wa kwanza Ringwani kwa bibi mzaa baba, mtoto wa miaka miwili na kitu, aliyekuwa ndio kwanza anaanza kusema mpaka unashindwa kumnyamazisha. Alimwambia anakwenda kumletea mdogo wake, kisha atarudi. Akajifungua salama mtoto wa kiume. Arobaini zikatimia, akaanza kufunga mizigo yake.

Tata akamwambia afungue hiyo mizigo. Tata ni baba kwa Kikurya, na baba yangu ni mtu ambaye akisema neno hageuki, hata kama neno lenyewe ni baya. Alisema mahari ya huyu binti haijaisha. Kuna ng'ombe walibaki, na mkwe amekuwa akisema kesho tangu siku ya harusi. Basi binti atakaa hapa mpaka hao ng'ombe waingie zizini, na siku watakapoingia, yeye atatoka.

Msinielewe vibaya. Huo mtindo wa kumshika binti ili mkwe azinduke haukuanza kwetu, na wakati mwingine unafanya kazi. Ulifanya kazi hata safari hii! Shemeji yangu alihangaika, akatenga ng'ombe wote waliotakiwa, wazuri, wamenawiri. Akapiga simu kusema Jumamosi anakuja nao. Mdogo wangu akafua nguo zote za mtoto siku hiyo.

Jumamosi haijafika, karantini ikatangazwa. Ugonjwa wa miguu na midomo. Wilaya zote mbili, Tarime na Serengeti, hakuna ng'ombe wa kuvuka kata. Shemeji akampigia Tata kumweleza. Tata akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamjibu kwa neno letu la kumwita kijana, "Mura, mimi sijatangaza karantini. Mimi nataka ng'ombe." Akakata simu.

Sasa angalia jambo lilivyokaa. Ng'ombe wapo, mkwe anataka kuwaleta, mkwewe anataka kuwapokea. Anayefungwa ni nani? Ni mtu ambaye hana kwato! Mdogo wangu hakuweza kuondoka kwa nguvu, kwa sababu kwetu laana ya baba si mchezo, na Tata alikwisha kuitaja. Wala shemeji hakuthubutu kumleta yule binti amwone mama yake, maana aliogopa naye akiingia Nyamwaga asitoke. Hasira niliyokuwa nayo ilinifanya nisahihishe daftari za watoto wa watu vibaya, nikalazimika kurudia.

Nikasema ngoja niende kwa bwana mifugo. Nilikwenda na shemeji. Tulimkuta kijana mpole tu, mgeni huku, ameletwa na ajira kutoka mikoa ya kusini. Akatukaribisha viti. Nikamweleza kwamba hawa ng'ombe si wa biashara, ni wa mahari, ni wazima, aje awapime mwenyewe, atupe kibali.

"Mwalimu," akasema, "wanakwenda kuchinjwa?"

"Hapana. Nimekwambia ni wa mahari."

"Wangekuwa wanakwenda moja kwa moja machinjioni, ningewaandikia hata sasa hivi. Wa kuchinjwa ruksa. Wa mahari hapana."

Hapo hapo fuso likapita barabarani limejaa ng'ombe, vumbi likatuingilia hadi mezani. Shemeji akalitazama mpaka likapotea. Nikamuuliza yule kijana kama ameona. Akasema ameona, na hao wana kibali, kesho ni nyama. Yaani ng'ombe akienda kufa anafunguliwa njia, akienda kuanza maisha anasimamishwa! Najua, najua, wa machinjioni hawezi kuambukiza zizi la mtu. Sheria yenyewe ina akili. Mimi nilikuwa natafuta wa kumkasirikia, na yule kijana alikuwa karibu.

Tukiwa tunaondoka akaniuliza, kwa utani wa heshima, "Lakini mwalimu, kwani dada anaumwa miguu na midomo?"

"Haumwi."

"Basi mimi sijamzuia. Karantini yangu ni ya mifugo tu."

Nilitamani kumbeba yule kijana mgongoni nimpeleke Nyamwaga akalirudie neno hilo mbele ya Tata.

Karantini ikaongezwa. Ikaongezwa tena. Huo ndio ubaya wa neno hili siku hizi, limesahau hata hesabu iliyolizaa. Wale wa kwenye meli walau walijua siku ya kushuka. Mdogo wangu alipalilia mahindi ya mama, akayavuna, akayapukuchua, mtoto yuko mgongoni, na hakuna aliyemwambia mwisho ni lini. Kila jioni alikuwa anapiga simu Ringwani. Mwanzoni yule binti alikuwa anainyang'anya simu kutoka kwa bibi yake, anaongea yeye tu, anataja kuku, anataja mbwa, anamuuliza mama yuko wapi. Baadaye akawa anaitwa mara mbili ndipo anakuja. Likizo ya Juni nilipofika nyumbani nilikuwepo simu ikipigwa, nikasikia kwa masikio yangu bibi anasema, "Njoo uongee na mama," na sauti ndogo kule inajibu, "Nacheza."

Mdogo wangu akaweka simu chini, akaenda kuchota maji wakati ndoo zote zimejaa. Mimi nikamfuata Tata nje.

Ilikuwa Jumapili baada ya kanisa, amekaa uani na baba zangu wadogo wawili, wanakunywa chai. Nikawaamkia, nikavuta kigoda bila kukaribishwa. Nikasema nina pendekezo. Tata aende Ringwani kwa miguu yake, maana yeye si ng'ombe na hakuna wa kumzuia. Awaone hao ng'ombe, awatie alama yake masikioni, wabaki kule kule kwenye zizi la mkwe wakiwa mali yake. Karantini ikifunguliwa wataletwa. Binti arudi kwake leo.

"Ng'ombe asiyelala kwenye zizi langu ni hadithi," Tata akasema.

Loh! Hapo ndipo alipojikwaa. Kwa sababu Tata ana ng'ombe wake ambao hawajalala zizini kwake miaka na miaka. Wako kwa rafiki yake wa kata ya jirani, amewahifadhi kule kama wazee wetu walivyofanya siku zote, ili ugonjwa au wezi wakiingia huku, kule wasalie. Nikamuuliza, "Na wale walioko kwa rafiki yako, Tata, nao ni hadithi?"

Baba mdogo mmoja akacheka mpaka chai ikamwagika. Nyani haoni kundule, na Mungu anisamehe kwa kumsemea hivyo mzazi wangu. Tata akaona amebanwa. Lakini mtu mbishi ukimbana anatafuta pa kuponyokea, hata kama ni pabaya zaidi.

"Haya," akasema. "Aende. Wa kiume abaki hapa mpaka ng'ombe waje."

Mdogo wangu alikuwa amesimama mlangoni na ndoo yake. "Tata, huyu ananyonya," akasema.

"Maziwa yapo."

Nilisimama. Sijui nilikuwa nakwenda kusema nini, na nashukuru sikupata nafasi, kwa sababu lingekuwa neno la kunikosesha radhi. Mama ndiye aliyetoka ndani. Mama yetu si mtu wa kusema mbele ya wanaume. Miezi yote ile hakuwa ametia neno, mpaka mimi nilikuwa nimemkasirikia na yeye. Alikuwa amejitwisha furushi, na kitenge kimefungwa kiunoni kama mtu wa safari. Akamchukua mtoto, akamfunga mgongoni mwa mdogo wangu, akakaza kanga vizuri. Kisha akamgeukia Tata.

"Baba watoto, wewe ulinitoa Gorong'a kwa ng'ombe wangapi?"

Tata akasema hayo ni mambo ya kale.

"Walibaki wawili. Baba yangu alikufa anawangoja. Hakunirudisha kwetu hata siku moja, wala hakukushikia mtoto. Mimi nikadhani ndio desturi, kumbe alikuwa anakuonea huruma." Hakupandisha sauti. "Sasa umetufundisha desturi ya kweli. Nakwenda kwetu Gorong'a kwa kaka yangu. Ukileta hao wawili, nitarudi."

Ile habari sikuwahi kuisikia maishani mwangu. Nilimtazama yule baba mdogo aliyecheka, nikaona ameinamisha uso, nikajua ni kweli. Mama akaanza kutembea, mdogo wangu nyuma yake na mtoto, na hakuna mwanamume aliyeinuka. Walipofika kwenye migomba ndipo Tata akapata sauti.

"Wewe! Nitawapeleka vipi? Si unajua kuna karantini!"

"Najua," Mama akasema bila kugeuka. "Ndiyo maana nimebeba na sweta."

Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Tata alikimbia, jamani, mzee yule alikimbia, akawakuta barabarani akisema haya yaishe, binti aende na mwanawe, hakuna laana, ng'ombe watakuja watakapokuja. Mama akamshukuru. Kisha akapanda bodaboda, akaenda zake Gorong'a vilevile. Alikaa kule mpaka karantini ilipofunguliwa, na alirudi amenawiri.

Mimi nilimsindikiza mdogo wangu Ringwani siku ile ile. Njia nzima alikuwa anacheka kwa sababu ya sweta, anasimulia upya, anamwiga Tata. Alikuwa amemnunulia binti yake mandazi, ameyashika mkononi, hakutaka niyabebe. Tulifika jua bado liko juu. Bibi alikuwa anaanika mtama, na yule binti alikuwa pembeni anafukuza kuku kwa kijiti. Amekua. Nywele zimesukwa kwa mkono usio wa mama yake.

Bibi akapiga vigelegele. Mdogo wangu akachuchumaa chini, akafungua mikono, akamwita kwa jina lake la utani.

Mtoto akatutazama, mimi na yeye. Akamtazama na bibi yake kuuliza afanye nini. Kisha akaja taratibu, kwa adabu aliyofundishwa vizuri kabisa, akamwekea mama yake mkono kichwani ili apokee salamu.

"Shikamoo, shangazi."

Nilitaka kupiga kelele mpaka zifike Nyamwaga. Mdogo wangu alibaki amechuchumaa pale pale, mandazi mkononi.

"Marahaba," akasema.