Lenzi ya Vangel na Kitambi cha Kuzman

Vangel alikuwa mpiga picha wa mji wetu kwa sababu hakukuwa na mwingine. Angetokea wa pili, Vangel angekuwa anauza mbegu za alizeti stendi. Alivaa kizibao chenye mifuko kumi na minne, na yote ilijaa hizo hizo mbegu za alizeti. Dirishani kwake kulikuwa na picha sita, nne za kwake mwenyewe. Alijiita Maestro. Miaka thelathini alipiga harusi zetu, na miaka thelathini alikata watu.

Alikata kwa sababu huku kwetu picha ya familia ni mstari mmoja. Watu wanajipanga uani kwa bwana harusi kama wanavyojipanga kucheza oro, ile ngoma yetu ya kushikana mikono. Msimamizi wa ndoa anakaa kichwani, mkewe mkiani, waliobaki wote katikati. Mwambie mtu asimame nyuma ya mwenzake uone. Atakuuliza, kwani mimi kivuli chake? Shangazi zangu wawili hawajasalimiana tangu 1998 kwa sababu mmoja aliwekwa nyuma. Sasa ua mdogo, watu arobaini, Vangel mgongo umegota kwenye banda la kuku, na lenzi yake inaona ishirini na sita.

Kwenye harusi ya mtoto mkubwa wa Ilko aliyekatwa alikuwa Kuzman. Huyo Kuzman ndiye msimamizi wa ukoo wa Ilko. Baba yake alisimamia, babu yake alisimamia. Mtu wa kilo mia na thelathini, na kwenye picha likabaki sikio. Akanuna mwaka mzima. Kwa hiyo mtoto wa pili, Metodi, alipotaka kumuoa binamu yangu Elica, Kuzman alikwenda kwa Ilko, akakaa, hata rakija, ile pombe yetu kali, hakuigusa. Akasema, "Nikikatwa tena, tafuteni msimamizi mwingine." Huku kwetu, ukoo kuachwa na msimamizi wake, heri nyumba iungue.

Ilko akatoka hapo mbio mpaka dukani kwa Vangel. Mimi nilikuwepo, nimefuata picha za pasipoti.

"Vangel, sikia. Kuzman asipotokea mzima, kuanzia nywele mpaka kiatu, namwita yule kijana mpiga picha wa mji wa Shtip, na mji huu hupigi tena harusi."

"Ilko, ndugu yangu, mimi ni msanii..."

"Usanii wawekee kuku. Mimi nataka Kuzman mzima."

Mimi napiga ngoma kwenye bendi ya harusi na nina gari, basi Vangel akanibandika safari ya mji mkuu, Skopje, kununua lenzi pana. Nikamweleza dada wa duka habari ya ule ua na watu arobaini, akaweka lenzi tatu mezani. Vangel hakuuliza kitu. Akainua iliyo nzito kuliko zote, akaipima mkononi kama anayenunua tikiti maji.

"Hii. Ina uzito wa kitaalamu."

"Hiyo ni milimita kumi na saba, baba," dada akasema. "Imetengenezwa kwa kamera kubwa. Kile kibao cha ndani kinachonasa picha, kwenye kamera yako ni kidogo, kitachukua katikati tu. Uliyonayo sasa ni ngapi?"

"Kumi na nane."

"Basi utatoa hela yote hiyo uongeze watu wawili."

Hata mimi niliyeacha shule darasa la tisa nilielewa. Vangel hakuelewa, lakini alitikisa kichwa kama yeye ndiye aliyemfundisha.

"Chukua hii ya kumi na mbili," dada akasema. "Wapange safu mbili, watatosha."

"Safu mbili!" Mimi na Vangel tulipiga kelele pamoja, watu dukani wakageuka.

"Haya, basi kumi. Hiyo inakaribia kuona masikio yako mwenyewe. Ila ujue, aliye pembeni inamvuta, na akiwa karibu yako ndiyo kabisa. Wa katikati inawapeleka mbali, wanakuwa wadogo. Mtu wa maana mweke katikati."

"Binti, mimi nilikuwa napiga picha kabla baba yako hajaanza kunyoa ndevu."

"Ndiyo maana nakwambia, baba."

Tukatoka nje kuijaribu. Akanipiga nikiwa pembeni. Kwenye kioo cha nyuma cha kamera mkono wangu ulikuwa kama sepetu.

"Maestro, hebu ona mkono."

"Ndivyo ulivyo, Doncho. Mikono ya wapiga ngoma."

Akainunua.

Siku ya harusi watu arobaini hawakutosha kwenye ukuta wa nyuma wa ua wa Ilko. Mstari ukakunjika pande zote mbili kama kiatu cha farasi, Kuzman kichwani, hatua mbili tu kutoka kwenye kamera, mkewe Blaguna upande wa pili vilevile. Nikakumbuka maneno ya yule dada.

"Mweke Kuzman katikati!" nikapaza sauti.

Bendi nzima ikanicheka. "Katikati? Kwani Kuzman ndiye bibi harusi?" akasema mpiga tarumbeta.

Vangel akapiga. Akahesabu vichwa kwenye kile kioo kidogo, arobaini. Akaibusu lenzi mbele za watu, mjinga yule.

Jumapili iliyofuata sisi ndugu wa Elica tulikwenda kwa Ilko kumtazama binti yetu, kama ilivyo desturi. Kuzman na Blaguna walikuwa wameshakaa. Vangel akaingia na picha ya upana wa mita nzima, kaifunika blanketi. Alikuwa ameshaiona ikiwa kubwa, maana uso ulikuwa mweupe na mkono mmoja haukuachia kitasa cha mlango.

Ilko akavuta blanketi.

Kichwa cha Kuzman kilikuwa boga. Kitambi kilianzia ukingoni mwa picha kikaenda mpaka kwa jirani wa tatu. Kiatu chake kilikuwa kama beseni la kuogea mtoto. Upande wa pili kidevu cha Blaguna kilivutika kama unga wa mkate. Na Ilko, mwenye nyumba, mwenye harusi, alikuwa huko nyuma kama kibanio cha nguo.

Kuzman akasimama. Akaisogelea picha taratibu. Ilko akafumba macho.

"Huyu," Kuzman akasema, "ndiye mimi." Akajipapasa tumbo, akapapasa lile la kwenye picha. "Miaka thelathini, Vangel! Leo ndiyo umejua kupiga picha. Hivi ndivyo msimamizi anavyotakiwa aonekane. Nifanyie tatu."

Blaguna akafungua mdomo. Kuzman akamtazama. Akaufunga.

Vangel akaachia kitasa, akatoa kifua mbele. "Siri iko kwenye kuchagua lenzi," akawaambia, na majitu mazima yakaitikia kwa vichwa, rakija ikamiminwa, Ilko akalia kwa furaha.

Elica akanivuta shati. "Doncho, mimi niko wapi?"

Nikamtafuta. Nilimpata karibu na nguzo ya kamba ya nguo, kitu cheupe kama punje ya mchele. Nikaweka kidole nimwonyeshe, kidole kikamfunika yeye na Metodi wote wawili.

"Wewe!" Vangel akafoka. "Usichafue picha!"